Moto Haukuwaka Wenyewe



Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa mtaa wa wafanyakazi hapa Lubumbashi, alikosa masomo siku tatu. Siku ya nne alirudi bila daftari hata moja, na mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Tulipomwuliza habari, alijibu kwa sauti ndogo: «Mwalimu, nyumba yetu imeungua. Wanasema ni nkambo.»

Tulimketisha, akatueleza yote. Jioni ile umeme ulikatika saa moja, kama ilivyo desturi yake. Mama yake alikuwa akipika maharagwe juu ya jiko la umeme, lile tuitalo resho. Alipoona giza, aliiondoa sufuria, akawasha mbabula uani, akamalizia kupika kwa makala. Watu wakala, wakasali, wakalala. Saa nane ya usiku dari ya chumba cha nyuma ikashika moto. Hapakuwa na mshumaa uliowaka. Hapakuwa na mtu aliyegusa kiberiti. Mbabula ilikuwa nje, majivu yake yamekwisha kupoa.

Katika chumba kile alilala nkambo, mama mzala wa baba. Wazee hawana usingizi mzito. Yeye ndiye aliyeamka kwanza, akapiga kelele, na kwa kelele zake watu wote saba wakatoka wazima. Mtoto wetu aliungua mkono akimtoa mdogo wake. Lakini kulipopambazuka, neno ambalo lingemletea mzee shukrani likageuzwa kuwa mashitaka. Watu walinong'ona: Moto umewaka wenyewe. Umeanzia juu ya kichwa chake. Mbona yeye alikuwa macho? Mbona hakuungua hata unywele? Kabla ya jua kutua, mzigo wa mama mzee ulifungwa, naye akapelekwa kwa dada yake, ng'ambo ya mji.

Wasomaji wetu wanajua kwamba habari ya namna hii si ngeni katika miji yetu. Kwa hiyo tuliona haitoshi kusikitika. Tulimwomba fundi wa umeme mmoja, mtu mzima mwenye kuijua kazi yake, akafuatana nasi hadi lupango ile. Baba wa jamaa alituruhusu kuingia.

*Mambo matatu tuliyoyaona*

Fundi alianza kwenye sanduku la umeme lililo mlangoni. Mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa shaba, mnene kama kijiti cha kiberiti. Baba alikiri kwamba fyuzi zilikuwa zikikatika kila juma, naye akachoka kuzinunua.

Halafu fundi alipanda ngazi kwenye dari iliyoungua. Alitushushia kipande cha waya mwembamba, wa namna ile inayotumika kwa taa ya mezani. Waya huo ndio uliokuwa ukipeleka umeme kwenye resho na kwenye friza. Ulikuwa umeunganishwa na waya wa zamani kwa kusokotwa na vidole tu, na juu yake umefungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Hapo penye kiungo, shaba ilikuwa imeyeyuka na kuwa shanga.

Mwisho alikwenda jikoni, akatuonyesha resho yenyewe. Kitufe chake kilikuwa kingali kwenye namba 3, joto kali kabisa. Mama alipoondoa sufuria gizani hakukumbuka kukifunga. Nani kati yetu angekumbuka?

Basi, mambo yalikuwa hivi. Usiku wa manane umeme ulirudi. Resho ikaanza kuwaka bila mtu mbele yake. Friza nayo ikaanza kunguruma, na mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kwenda. Waya mwembamba ukashika joto, kiungo kikawa chekundu, plastiki ikawaka, mbao za dari zikafuata. Na fyuzi, iliyopaswa kuukata umeme huo, haikuwapo.

Moto haukuwaka wenyewe. Wala hapakuwa na mchawi.

*Umeme una sheria*

Katika Katanga umeme si mgeni. Tangu mwaka 1930 maji ya mto Lufira yanazungusha mashine huko Mwadingusha, na baada yake yakaja mabwawa ya Lualaba, yaani Nzilo na Nseke, katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 zikafika hata nyaya kutoka Inga, zilizosafiri kilomita zipatazo 1700 mpaka Kolwezi. Lakini nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani zilitiwa nyaya kwa ajili ya taa mbili tatu na pengine redio. Leo nyumba hizo hizo zina friza, televisheni, pasi, resho na simu tano zinazotaka kulishwa. Mzigo umeongezeka mara nyingi, na njia ni ile ile.

Hebu tufanye hesabu, kama shuleni. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Gawanya wati hizo kwa 220, ambazo ndizo volti za nyumbani, utapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita katika waya. Resho ya wati 2000 huvuta ampea 9. Pasi ya wati 1100 huvuta ampea 5. Taa ya wati 9 haivuti hata nusu ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Angalia tofauti hiyo!

Tena kuna sheria ambayo mtaalamu James Joule aliionyesha katika miaka ya 1840: umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, joto la waya haliongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Umeme ukiwa mara tatu, joto linakuwa mara tisa. Ndiyo sababu waya uliovumilia taa kwa miaka thelathini unaweza kuungua kwa saa moja ya resho. Na penye kiungo kibaya, ambapo shaba haigusani vizuri, joto hukusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole.

Fyuzi iliwekwa kwa sababu hiyo. Ni waya dhaifu uliochaguliwa makusudi ili ufe wa kwanza, waya zilizo ukutani zipone. Mtu anayetia msumari au waya mnene mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni, kisha anastaajabu mwizi alipitaje. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiikasirikie. Inakuambia kwamba mzigo umezidi au waya umeharibika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

*Mwili wa mtu na umeme*

Kwa mwili wa mtu umeme mdogo sana hutosha. Sehemu 30 za elfu moja za ampea, zikipita kifuani, zinaweza kuhatarisha pumzi na moyo. Ampuli ya zamani ya wati 60 inatumia mara tisa ya kiasi hicho. Yaani umeme unaomsaidia mtoto kusoma somo lake unatosha kabisa kumwua.

Maji huufungulia umeme njia katika ngozi. Kwa hiyo mtu asiguse priza, kitufe wala pasi akiwa na mikono yenye maji, au akiwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa. Akina mama wanaofua uani wasianike nguo juu ya waya wa umeme, hata ukiwa na ngozi ya plastiki, kwa maana jua huipasua ngozi hiyo bila kutoa sauti.

Hatari hii haikai ndani ya nyumba tu. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa, waya wa umeme mkali ulikatika na kuanguka juu ya watu wakati ardhi ilikuwa na maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa wakiuza na kununua. Tuwafundishe watoto wetu: waya ulioanguka chini si kitu cha kuchezea wala cha kuruka. Wakae mbali hatua nyingi, wawazuie wengine, wakawaite wakubwa. Maana waya uliolala kimya unaweza kuwa hai.

Vivyo hivyo tusijidanganye juu ya nyaya zinazovutwa kutoka kwa jirani na kulazwa ardhini katikati ya malango. Hata tukiacha neno la haki, waya wa namna hiyo ni mtego uliotegwa njiani mwa watoto.

*Tuanzie wapi?*

Baba wa jamaa atasema: «Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini fedha iko wapi?» Swali hili ni la haki. Kwa hiyo tutaiweka kazi hii kwa daraja, kutoka ile isiyodai kitu hadi ile inayodai akiba.

Kwanza, mambo yasiyodai hata franga moja. Umeme ukikatika, funga resho, chomoa pasi, chomoa friza na televisheni. Acha taa moja tu wazi, ili ikuambie umeme umerudi. Ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka friza. Ngurumo zikianza wakati wa masika, chomoa vyombo mapema. Usichomeke resho na pasi katika ralonji moja. Usipitishe waya chini ya mkeka au godoro. Gusa priza kwa nyuma ya mkono baada ya kuchomoa chombo: ikiwa na moto, au ikinuka, au ikiwa imegeuka rangi, usiitumie tena mpaka fundi aione.

Pili, mambo ya fedha kidogo. Rudisha fyuzi ya kweli, yenye kipimo chake. Badilisha priza iliyovunjika. Viungo vyote vya nyaya vifungwe kwa vibano vyake, ndani ya kisanduku chenye kifuniko, wala si kwa mfuko wa plastiki. Kabla ya kazi yoyote umeme uzimwe kwenye sanduku kubwa, na mtu mmoja akae pale asije mwingine akauwasha.

Tatu, mambo ya akiba ya miezi kadhaa. Mafundi wanakijua chombo kiitwacho dijonkteri diferansieli cha sehemu 30 za elfu za ampea. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaoingia nyumbani na unaotoka. Ukipotea kidogo tu, labda kwa kupita katika mwili wa mtu, kinakata wote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kidude cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kila mwezi, na kisipokata, kibadilishwe. Pamoja nacho, nyumba iwe na waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, uliofungwa kwenye nondo iliyozamishwa mita moja na nusu au zaidi katika udongo wenye unyevu. Waya huo huupa umeme uliopotea njia ya kwenda chini, usiingoje miguu ya mtoto.

Nne, kazi kubwa: kubadilisha nyaya zenyewe. Kwa taa hutosha waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, kwa priza, 2.5; kwa jiko kubwa la umeme, 6, nalo liwe na njia yake peke yake kutoka sandukuni. Mwambie fundi ahakikishe kwamba kila kitufe cha taa kinakata waya wenye umeme, yaani fazi, si ule wa buluu. Ukishindwa kufanya nyumba nzima, anza na jikoni. Na usimchague fundi kwa sababu bei yake ni ndogo. Rahisi ni ghali.

Wenye jenereta tuwaongezee neno moja. Isiwekwe ndani kamwe, wala katika baraza iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Tena isichomekwe katika priza ya nyumba. Umeme wake utatoka nje kwenye nyaya za mtaa na kumpiga fundi aliye juu ya nguzo. Inatakiwa swichi ya kugeuzia, ambayo hairuhusu umeme wa njia mbili kukutana.

*Kubana matumizi ni kinga pia*

Wengine hufikiri kwamba usalama unadai fedha, na kubana matumizi kunaleta fedha, kana kwamba ni mambo mawili. Kumbe ni jambo moja. Kila wati usiyoitumia ni joto lililopungua katika nyaya zako.

Tuchukue taa. Katika ampuli ya zamani, karibu sehemu 95 katika 100 za umeme zinageuka kuwa joto. Mwanga ni mabaki. Ampuli ya LED ya wati 9 inatoa mwanga ule ule wa ampuli ya wati 60. Nyumba yenye ampuli nne za zamani, zikiwaka saa tano kila jioni, inatumia kilowati-saa 36 kwa mwezi. Kwa ampuli za LED itatumia 5.4 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama wa nyumba naye ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na saa za kupika zitapungua. Sufuria iwe na kifuniko, na kitako chake kiwe sawa, kikae vizuri juu ya resho. Nguo zipigwe pasi zote siku moja, badala ya shati moja kila asubuhi. Friza isibanwe ukutani, kwa sababu nyuma yake ndipo inapotolea joto. Barafu ikiwa nene ndani, iyeyushwe. Tia karatasi mlangoni pake na ufunge: ikitoka bila kuvutwa kwa nguvu, ule mpira wa mlango umechoka, nawe unalipa ili kupoza jikoni.

*Mtu akipigwa na umeme*

Usimguse! Wengi wamekufa kwa huruma, wakimkumbatia mtu aliyeshikwa. Zima umeme kwenye sanduku kwanza. Usipoweza, simama juu ya ubao mkavu, umsukume waya kwa mti mkavu, wala si kwa chuma. Lakini kwa waya mkali wa barabarani usijaribu hata hilo. Akiisha kutengwa na umeme, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali juu ya sakafu ngumu, weka mikono miwili katikati ya kifua chake, ubonyeze kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali, kwa maana moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Penye kuungua, mwagia maji safi yapitayo kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Na chombo cha umeme kikishika moto, usimwage maji: kata umeme kwanza, kisha zima kwa mchanga mkavu.

*Mama mzee*

Turudi kwa jamaa ile. Fundi alikiweka kile kipande cha waya, chenye shanga ya shaba, mkononi mwa baba wa mwanafunzi wetu. Ndugu zake wawili walikuwapo, na mjomba wa mama. Fundi aliwaeleza polepole, kama tulivyowaeleza ninyi. Mjomba aliuliza mara mbili kuhusu kitufe cha resho. Baba hakusema neno. Aliugeuzageuza ule waya, halafu akautia mfukoni.

Jumapili iliyofuata alikwenda peke yake ng'ambo ya mji. Hatujui walisemezana nini, mtoto na mama yake, wala si kazi yetu kujua. Walirudi jioni, yeye akibeba mzigo kichwani kama kijana, mzee akimfuata nyuma.

Hatutasema kwamba minong'ono yote imekwisha. Jirani mmoja hata leo hampokei mama mzee mkono. Neno baya hulala mahali pengi kuliko waya mbovu, na kwa hilo hakuna fyuzi inayouzwa dukani. Lakini nyumba imepata dari mpya, nyaya mpya za jikoni na dijonkteri moja, iliyonunuliwa kwa mchango wa ndugu wote.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu hutuliza moyo, lakini mara nyingi tunautumia ili tusitazame kwenye dari zetu. Tunawasihi wasomaji wetu: usiku wa leo, kabla ya kulala, baba na mama wazunguke nyumba pamoja na watoto, watazame kila priza na kila kiungo. Na moto ukitokea mahali, tumwite fundi kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa.

Mwanafunzi wetu alituambia kwamba sasa umeme unapokatika jioni, kabla hata mshumaa haujapatikana, sauti ya kwanza gizani ni ya nkambo, ikitoka chumba cha nyuma: «Resho imefungwa?» Na mtu hunyoosha mkono, akapapasa, akajibu: «Imefungwa, nkambo.»